‘Alienate’: Kitenzi kilichowageuza wenyeji kuwa wageni

Majuzi nilikuwa nasahihisha tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili anayetafiti historia ya mashamba ya Bonde la Ufa. Ameandika kwa Kiswahili cha kupendeza, nami nikawa nasonga mbele bila kikwazo hadi nilipokutana na maneno “ardhi iliyofarakanishwa”. Nikasimama. Ardhi hufarakana na nani? Nilipomwita ofisini alinijibu bila wasiwasi: “Prof, hiyo ni ‘alienated land’. Nimeangalia kamusi, ‘alienate’ ni kufarakanisha.”

Sikumlaumu. Kosa hilo hilo nililifanya mimi mwenyewe miaka hamsini iliyopita, na halikuishia kwenye alama za mtihani. Ndiyo maana leo naomba mpenzi msomaji aniruhusu nikichunguze kitenzi hiki kimoja cha Kiingereza kwa kirefu. Ni kitenzi chenye adabu ya mawakili, lakini historia yake hapa kwetu haina adabu hata kidogo.

Nimelelewa Bondeni, mtaa wa zamani wa Waafrika mjini Nakuru. Tulikuwa watoto wa makabila yote katika plani moja, mabomba ya maji tukichangia, na lugha yetu ya uani ilikuwa Kiswahili. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya upishi, alikuwa na kipande cha ardhi pembezoni mwa mji alichokilima tangu kabla ya uhuru. Siku moja mwaka wa 1974 akaletewa barua ya Kiingereza kutoka ofisi fulani. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na mtaani kwetu mwanafunzi wa sekondari alikuwa ndiye mkalimani, ndiye mwandishi wa barua na wakati mwingine ndiye wakili.

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari mitano. Ilisema kwamba kipande namba fulani kilikuwa ‘alienated’, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi katika siku thelathini. Neno hilo sikuwa nimelisikia. Nikakimbilia kamusi yangu ndogo ya shule, nikaona maelezo kwamba ni kumfanya mtu aliyekuwa rafiki awe adui. Nikarudi na jibu: “Babu, wanasema ardhi ile imeingia uhasama. Kuna watu wamefarakana kwa sababu yake.”

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kama ni mfarakano, alisema, dawa yake ni wazee. Akatumia wiki kadhaa akizunguka na wenzake kuwatafuta waliokasirika ili wapatanishwe. Hawakumpata hata mmoja aliyekasirika. Walichokipata, mwezi wa pili yake, ni nguzo za seng’enge. Karani aliyekuwa na huruma ndiye aliyemfafanulia kwamba neno lile lilikuwa na maana nyingine: kipande kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, na siku thelathini zilikuwa zimepita.

Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia, “Hukukosea sana, mwanangu. Urafiki na ile ardhi si umekwisha?” Kisha akaniagiza nimletee maji ya kunywa. Sijasahau.

Sasa hebu tulichambue neno lenyewe. ‘Alienate’ limetokana na Kilatini, kwenye neno ‘alienus’, yaani cha mtu mwingine au cha kigeni, ambalo nalo limetokana na ‘alius’, yaani mwingine. Maana ya msingi, basi, ni kukifanya kitu kuwa cha mwingine. Kutoka shina hilo moja yakachipuka matawi matatu.

Tawi la kwanza ni la sheria. Mwenye mali anapoiuza, anapoitoa zawadi au anapoihamishia kwa mtu mwingine kwa njia yoyote, Waingereza husema ameifanyia tendo hilo. Ni tendo la hiari, na halina lawama ndani yake. Mwaka wa 1290, enzi ya Mfalme Edward wa Kwanza, bunge lao lilipitisha sheria maarufu iitwayo Quia Emptores iliyowaruhusu watu huru kuhamisha ardhi yao bila kumwomba kibali bwana wao. Kwa Mwingereza wa karne ile, huo ulikuwa uhuru.

Tawi la pili ni la mahusiano: kumfanya mtu akuone mgeni, moyo wake ukutoke. Mwanasiasa anayewatukana vijana wa chama chake amewa-‘alienate’. Hapa ndipo kufarakanisha kunapofaa. Sheria na mapenzi vilikutana pia: katika majimbo machache ya Marekani, North Carolina likiwemo, mke au mume anaweza mpaka leo kumshtaki mtu wa nje kwa kuuhamisha upendo wa mwenzake.

Tawi la tatu ni la nafsi: mtu kujiona mgeni kwake mwenyewe. Karne ya 19 madaktari wa akili waliitwa ‘alienists’ kwa sababu mgonjwa alidhaniwa ametengana na akili zake. Karl Marx alilipeleka wazo hilo kiwandani, akaeleza jinsi mfanyakazi anavyogeuka mgeni mbele ya kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Na Ngũgĩ wa Thiong’o, katika Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986, akalileta darasani kwetu: mtoto anayefundishwa kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao hutenganishwa na mazingira yake.

Kuna alama ndogo ya sarufi inayosaidia kuyatofautisha. Kitenzi hiki kikifuatwa na kihusishi ‘to’, aghalabu ni sheria inayozungumza: mali imehamishiwa kwa fulani. Kikifuatwa na ‘from’, aghalabu ni moyo unaozungumza: mtu ametenganishwa na fulani. Katika barua ya mzee wa Bondeni hapakuwa na ‘to’ wala ‘from’. Kitenzi kilisimama peke yake katika kauli ya kutendwa. Aliyetenda hakutajwa, aliyepewa hakutajwa, na aliyenyang’anywa ndiye aliyekuwa akisomewa.

Na hapo ndipo historia inapoingia.

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Mwaka wa 1902 sehemu hii ya bonde, iliyokuwa ikihesabiwa chini ya Uganda, ikahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Mfalme iliyomwezesha kamishna kuuza ardhi au kuikodisha kwa miaka 99. Kamishna wa wakati huo, Sir Charles Eliot, aliwataka walowezi kwa hamu kubwa. Huko Njoro, mwendo mfupi tu kutoka Nakuru, Lord Delamere alipata ekari 100,000 kwa mkupuo. Mwaka wa 1915 sheria mpya ikauongeza muda wa kukodi mashamba kutoka miaka 99 hadi 999.

Angalia vizuri jinsi kitenzi chetu kilivyofanya kazi humo. Katika lugha ya sheria hizo, ‘alienated land’ si ardhi aliyonyang’anywa Mwafrika. Ni ardhi ambayo Mfalme ameitoa kwa mtu binafsi. Mfalme ndiye kiima wa sentensi, ndiye mwenye mali, ndiye mtoaji. Lakini ili utoe ni lazima kwanza uwe nacho! Swali la namna Mfalme alivyoipata ardhi ya Nakuru halimo katika kitenzi. Limeachwa nje ya mlango. Sheria ya 1915 ilimaliza kazi hiyo kwa kusema kwamba hata ardhi inayokaliwa na makabila ya wenyeji nayo ni ya Mfalme.

Wanahistoria wetu baada ya uhuru walikichukua kitenzi hicho hicho wakakigeuza upande wa pili. Mwanafunzi wa sekondari Kenya anapoulizwa kuhusu ‘land alienation’, jibu linalotarajiwa ni namna Waafrika walivyopokonywa ardhi. Neno ni moja, macho ni mawili. Mmoja anaitazama hati ikitoka ofisini, mwingine anawatazama watu wakitoka shambani. Mwanafunzi akisoma nyaraka za kikoloni bila kujua hilo, atadhani maafisa wa Mfalme walikuwa wakiungama dhambi zao kila ukurasa. Hawakuungama lolote. Walikuwa wakiandika orodha ya wapangaji.

Wamaasai ndio walioonja ukali wa neno hili mapema zaidi. Agosti 1904, kwa mkataba uliohusishwa na Olonana, waliondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi kandokando ya reli. Baadhi wakapelekwa Laikipia, wengine kusini, na wakaahidiwa kwamba mpango huo utadumu muda wote Wamaasai watakapokuwepo. Ahadi hiyo haikumaliza hata miaka saba. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini pamoja na mifugo yao.

Parsaloi ole Gilisho na wenzake wakafanya jambo ambalo wakoloni hawakulitarajia: walitafuta mawakili. Kesi ikasikilizwa mwaka wa 1913 kwa jina la Ole Njogo na wenzake. Mahakama ikaitupa, na rufaa ikatupwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Sababu iliyotolewa ndiyo inayonisimamisha kila ninapoifundisha. Himaya, walisema majaji, si sehemu ya milki ya Mfalme. Ni nchi ya kigeni inayolindwa. Wamaasai si raia wa Mfalme, hivyo mikataba yao naye ni kama mikataba ya dola na dola, na mahakama ya kawaida haina mamlaka ya kuitekeleza.

Soma tena hapo, msomaji. Ardhi ni ya Mfalme kiasi cha kuweza kuigawa, lakini watu walio juu yake ni wa nchi ya kigeni. Shina la Kilatini lilikuwa limetimia pande zote mbili: ardhi ilifanywa ya mwingine, na mwenyewe akafanywa mgeni. Mwaka wa 1920 himaya ikageuzwa koloni, na mwaka uliofuata Jaji Mkuu Barth akaamua, katika kesi ya Isaka Wainaina, kwamba wenyeji ni wapangaji wa Mfalme kwa ridhaa yake tu. Kwa maneno ya mtaani: mnakaa hapa mpaka tutakapowaambia mwondoke.

Je, wenyeji walikuwa na neno lao? Naam, tena la Kiswahili. Katika mashamba ya walowezi kulikuwa na maelfu ya familia zilizoruhusiwa kulima na kufuga kwa masharti ya kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya 1918 ilitaka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Waliitwa kwa neno la Kiingereza ambalo tumeliswahilisha kuwa maskwota. Miaka ya 1920 walowezi walipoona mifugo ya maskwota imezidi, wakaanza kuiondoa kwa nguvu, na watu walilazimika kuuza au kupoteza mbuzi na ng’ombe waliowakusanya kwa miaka mingi. Profesa Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na mizizi ya Mau Mau, ameeleza kwamba waathiriwa wenyewe waliliita tukio hilo Kifagio.

Kifagio! Hakuna kamusi ya sheria itakayokupa neno hilo, lakini hebu lipime. Ufagio una mkono unaoushika. Una kinachofagiliwa, tena kinachofagiliwa huitwa takataka. Kitenzi cha ofisini kilimficha mtenda. Nomino ya shambani ilimwonyesha mtenda, tendo, na dharau iliyokuwa ndani ya tendo. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba kutafsiri historia ya Bonde la Ufa hakuanzi kwenye kamusi. Kunaanza kwa kuuliza waliokuwepo waliliitaje.

Lakini lugha haiwezi kuishi kwa sitiari peke yake. Mahakama inahitaji istilahi, na hapa watafsiri wetu huanguka katika mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kutenga. Wengi hukitumia kwa sababu kinafaa katika mahusiano: “wamemtenga mwenzao”. Ukikipeleka kwenye ardhi, maana inageuka kabisa. Serikali ikitenga ekari mia moja kwa ajili ya hospitali, imeziweka akiba. Imezuia zisitolewe kwa mtu. Wakati wa ukoloni ardhi iliyotengwa ndiyo ile ya hifadhi za wenyeji, ambayo watu waliiita rizavu, na ardhi iliyo ‘alienated’ ni ile ya walowezi. Kwa hiyo anayetafsiri ‘alienated land’ kuwa “ardhi iliyotengwa” amewaweka Wamaasai kwenye shamba la Delamere na Delamere kwenye rizavu. Laiti ingekuwa rahisi hivyo!

Mtego wa pili ni kunyakua. Hili ni neno zito na zuri, na Wakenya tumelizoea tangu ripoti ya Tume ya Ndung’u ya mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Lakini kunyakua ni kuhukumu. Mjane anayemuuzia jirani yake robo ekari kwa hiari, mbele ya wakili, amefanya lile tendo la kisheria, na hajanyakua wala kunyakuliwa kitu.

Wenzetu wa Tanzania wamelitatua sehemu ya tatizo hili. Wao hutumia kuhawilisha kwa maana ya kuhamisha ardhi kutoka mikono au daraja moja kwenda jingine. Utasikia uhawilishaji wa ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Na pale serikali inapoichukua ardhi kwa nguvu ya sheria kwa manufaa ya umma, wao husema kutwaa. Ni maneno mawili kwa matendo mawili, na mwananchi anajua lipi limemfika. Kuhawilisha ni jamaa ya hawala, neno ambalo kila mfanyabiashara wa pwani analijua, hivyo si geni kwetu pia.

Hata wazo la kinyume chake tunalo. Tangu utotoni Bondeni nilisikia kwa majirani Waislamu neno wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Waingereza kueleza hilo hulazimika kubandika viambishi mbele na nyuma ya kitenzi chao mpaka kinapoteza pumzi. Sisi tuna silabi mbili tu, na maana imekamilika.

Pengine utasema, Prof, haya ni mambo ya kale. La hasha. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 62, inapoeleza ardhi ya umma, kitu cha kwanza kabisa inachokitaja ni ardhi ya serikali ambayo ilikuwa bado ‘unalienated’ siku katiba ilipoanza kutumika. Neno la 1902 limo ndani ya katiba ya 2010, na juu yake zinategemea kesi nyingi za viwanja vya shule, vya masoko na kando ya barabara. Swali la hakimu huwa: je, ardhi hii ilikuwa imekwisha kuhawilishwa kwa mtu binafsi au la? Mwananchi asiyelijua neno hilo hajui hata anaulizwa nini.

Na tawi la pili la kitenzi bado lina miiba. Nakuru ni mji wa watu waliokuja, kwa reli, kwa kazi ya mashamba, kwa kampuni za kununua ardhi baada ya uhuru. Kila msimu wa uchaguzi mkali, mwaka wa 1992 na tena mwisho wa 2007, palitokea watu wa kuwaambia majirani zao kwamba wao ni wageni, ni madoadoa. Anayetamka hivyo hajui Kilatini, lakini amerudia hoja ya mahakama ya 1913: ardhi ni yetu, wewe ni wa nchi nyingine. Huku juu Mau, jamii ya Ogiek ililazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kule Arusha, na mwaka wa 2017 ndipo ikaamuliwa kwamba kuwafukuza katika msitu wa mababu zao kulikiuka haki zao.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni hili. Katika sheria tutumie kuhawilisha kwa kuhamisha milki, na kutwaa kwa serikali kuchukua. Katika mahusiano tubaki na kufarakanisha na kutenga. Katika historia ya ukoloni tusiridhike na kitenzi kimoja: tuandike kwamba serikali ya Mfalme iliitwaa ardhi ya Wamaasai, kisha ikaihawilisha kwa walowezi. Vitenzi viwili, kila kimoja na kiima chake. Mwanafunzi wangu amekubali, na ameanza kuirekebisha sura ile ya tasnifu.

La mwisho si la wanaisimu. Ibara ya 7 ya katiba hiyo hiyo inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Barua inayompa mwananchi siku thelathini za kutetea shamba lake iandikwe kwa Kiswahili, aliyetenda atajwe, na aliyepewa atajwe. Isingoje mtoto wa kidato cha pili arudi kutoka shule na kamusi yake ndogo.